Futari Yetu, Mafuta Yetu na Ugonjwa wa Sukari

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya Tarawehe. Imeandikwa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuhudhuria.)



Shukrani zote ni za Allah (SW) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Wazazi wetu, walimu wetu, ndugu na dada zangu: nimeombwa nizungumze juu ya mafuta tunayokula. Najua wako waliotaraji kusikia habari za Lailatul Qadr, sasa wanaona wameletewa habari za bajia! Subirini kidogo. Mwili nao ni amana, na mwezi huu ndio tunaouchezea zaidi.

Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea baiokemia, na kabla ya hapo nilikaa madrasa miaka mingi kama wengi wenu. Nitakayoyasema hayahitaji shahada kuyaelewa. Na kama una maradhi, neno la daktari wako ndilo la kufuata, si langu.

KWA NINI MAFUTA?

Hebu jiulize, msomaji: katika ukoo wenu, ni wangapi wana ugonjwa wa sukari? Wahesabu kwa vidole. Mimi nikihesabu kwetu, mkono mmoja hautoshi. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka wa 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu, yaani karibu mtu 1 katika kila 9. Zaidi ya 4 katika kila 10 kati yao walikuwa hawajui kama wanao. Na wengi mno wana ile aina ya pili, ambayo huja polepole, kwa miaka, bila ya kupiga hodi.

Ukiwauliza watu unatoka wapi, watakwambia: kula sukari. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Wako watu hawatii sukari kwenye chai tangu ujana wao, na bado wamepata. Ile nusu nyingine imejificha ndani ya karai. Leo nataka tuione hiyo nusu nyingine, kisha tuulize: tutafanya nini kwenye futari ya kesho?

INSULINI NI NINI?

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kazi yake moja ni kutengeneza homoni ya insulini. Homoni ni mjumbe: hutoka kwenye kiungo kimoja, akapita kwenye damu, akapeleka amri kwenye kiungo kingine. Ukila ugali, wali, mkate au tende, chakula kile hugeuka sukari ndani ya damu. Kongosho huona sukari imepanda, hutuma insulini. Insulini huenda kwenye misuli ikabisha: fungueni, chukueni sukari. Huenda kwenye ini ikasema: acha kutengeneza sukari, iliyopo inatosha. Na huenda kwenye seli za mafuta ikasema: huu ni wakati wa kuweka akiba, si wa kutoa.

Hayo matatu yashikeni, tutayahitaji.

Insulini iligunduliwa Toronto, Canada, mwaka wa 1921, na mwaka wa 1922 ikaanza kuokoa maisha ya watoto waliokuwa wakifa kwa sukari. Watu wakadhani mambo yamekwisha: mwenye sukari amekosa insulini, mpe insulini. Lakini mwaka wa 1936 daktari wa London, Harold Himsworth, aliwapa wagonjwa sukari pamoja na insulini akaona jambo la ajabu. Wengine sukari yao ilishuka kama ilivyotarajiwa. Wengine haikushuka sana. Insulini ilikuwapo, lakini mwili haukuisikiliza.

Hali hiyo ndiyo tunayoiita usugu wa insulini. Mjumbe anabisha, mlango haufunguliwi. Kongosho, maskini, hutuma wajumbe zaidi: wawili, watatu, kumi. Kwa miaka mingi hufaulu kulazimisha mlango ufunguke, na ukipimwa sukari utaambiwa uko sawa. Halafu siku moja kongosho linachoka. Siku hiyo ndipo mtu husema "nimepata sukari", na kumbe safari ilianza miaka 10 nyuma.

Sasa swali: nani amekaza mlango?

GHALA LIKIJAA

Mwaka wa 1963 mwanasayansi Mwingereza, Philip Randle, pamoja na wenzake, walieleza kwamba ndani ya misuli mafuta na sukari hugombania nafasi: misuli ikiwa na mafuta mengi ya kuchoma, huipa sukari mgongo. Baadaye, watafiti kama Gerald Shulman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliangalia ndani zaidi. Waliona kwamba mafuta yakijilimbikiza ndani ya seli za misuli na za ini, mabaki yake huvuruga ile amri ya insulini kabla haijafika mwisho. Mjumbe amebisha, kengele imekatwa waya.

Lakini mafuta yanafikaje huko? Misuli na ini si mahali pa kuweka mafuta mengi.

Chukua mfano wa duka la jumla. Duka lina ghala lake nyuma. Mzigo ukija unaingia ghalani, na hapo hakuna tatizo. Lakini mzigo ukija kila siku na hakuna kinachouzwa, ghala linajaa. Magunia yanaanza kuwekwa kwenye ujia, halafu mlangoni, halafu juu ya kaunta. Mwisho mwenye duka mwenyewe hana pa kupita. Ghala la mwili ni yale mafuta ya chini ya ngozi: mapajani, makalioni, mikononi. Hayo hayana madhara makubwa. Likijaa ghala, mafuta huanza kukaa ndani ya tumbo, yakauzunguka utumbo, yakaingia kwenye ini, kwenye misuli na hata kwenye kongosho lenyewe. Hapo ndipo balaa.

Na ghala za watu hazilingani ukubwa. Hili ni jambo la kurithi. Kuna mtu mnene sana na sukari yake iko sawa, kwa sababu ghala lake ni kubwa. Na kuna mtu mwembamba wa mikono na miguu, ana kitambi kidogo tu, na tayari ana sukari, kwa sababu ghala lake lilikuwa dogo likajaa mapema. Kwa hivyo usimcheke mnene, na usijisifu kwa wembamba. Chukua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno, usawa wa kitovu. Kwa wanaume wenye asili ya Afrika, sentimita 94 na kuendelea ni dalili ya hatari. Kwa wenye asili ya Bara Hindi, na hapa kwetu wako wengi, ni sentimita 90. Kwa wanawake wote hao ni 80. Futi haina haya wala upendeleo.

MAFUTA NAYO YANASEMA

Zamani watu walidhani mafuta ya mwili ni mzigo tu, kama mchanga ndani ya gunia. Mwaka wa 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua kwamba seli za mafuta hutoa homoni yake, ikaitwa leptini. Kazi yake ni kuuambia ubongo: akiba ipo, punguza kula. Basi watu wakafurahi wakasema dawa ya unene imepatikana. Wapi! Ilionekana kwamba watu wengi wanene leptini wanayo tele, ila ubongo umeacha kuisikiliza. Ni usugu ule ule, umehamia mlango mwingine. Ndio maana kumwambia mtu mnene "jizuie tu" bila kumsaidia ni kumwonea. Njaa yake ni ya kweli, mjumbe wake hasikilizwi.

Iko na homoni nyingine, adiponektini, ambayo husaidia insulini ifanye kazi. Hii ni kinyume: kadiri mafuta ya tumbo yanavyozidi, ndivyo inavyopungua.

Vijana, msidhani haya ni mambo ya wazee tu. Kwa wavulana, mafuta yakizidi mwilini homoni ya kiume hupungua, na sehemu yake hubadilishwa ndani ya mafuta hayo hayo ikawa homoni ya kike. Na kwa dada zetu, insulini ikiwa juu kwa muda mrefu huweza kuchochea ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Hapo hedhi huanza kuruka miezi, chunusi na nywele za kidevuni hutokea, na wengine baadaye hutatizika kupata mtoto. Wengi wananyamaza kwa haya, au wanaambiwa ni jicho la watu. Dada yangu, nenda hospitali. Kwa wengi wenye unene, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito huweza kuirudisha hedhi kwenye mpango wake.

Isije mtu akasema basi tuache mafuta kabisa. La! Kuta za seli zetu zimejengwa kwa mafuta. Vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila mafuta. Homoni kadhaa hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Mafuta si adui. Tatizo ni kiasi gani, ya aina gani, na yanaliwa pamoja na nini.

MAFUTA YA AINA GANI?

Kwa lugha ya jikoni, yako mafuta yanayoganda na yasiyoganda. Samli, siagi, mafuta ya nyama, mafuta ya kopo yale meupe, haya huganda. Ya alizeti, mahindi, simsim, mizeituni, yale ya ndani ya parachichi, njugu na samaki, hayagandi. Ya mawese yako katikati, na tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia yanayouzwa madukani kwetu, hata yale ya maji ndani ya chupa, hutokana na mawese. Soma kibandiko.

Wanasayansi wa Uppsala, Sweden, walifanya jaribio lililochapishwa mwaka wa 2014. Vijana 39 wenye uzito wa kawaida waliongezewa keki ndogo kila siku kwa wiki 7. Nusu yao keki zilitiwa mafuta ya mawese, nusu ya alizeti. Wote waliongezeka uzito sawasawa. Lakini walipopigwa picha za ndani, waliokula ya mawese walikuwa wameongeza mafuta mengi zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo. Waliokula ya alizeti, sehemu kubwa zaidi ya uzito ulioongezeka haikuwa mafuta. Mizani ilisema wako sawa, picha zikakataa.

Kwa hivyo ninunue ya alizeti nimwage nitakavyo? Ngoja. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka wa 2001, lilichukua watu 162 wenye afya kutoka Finland, Denmark, Italia, Australia na Sweden. Kwa miezi 3 wengine walikula zaidi mafuta yanayoganda, wengine zaidi ya aina ya mizeituni. Kwa waliokula yanayoganda, insulini ilipungua nguvu. Kwa wenzao haikupungua. Lakini wale waliokula mafuta mengi mno kwa jumla, zaidi ya asilimia 37 ya nguvu zote za chakula chao, hawakupata faida yoyote kwa kuchagua mafuta mazuri.

Hapo ndipo penye fundisho. Aina ina maana, lakini kiasi kikizidi, aina haikuokoi.

Liko na fungu la tatu, mafuta ya transi. Hupatikana zaidi pale mafuta ya maji yanapogandishwa nusunusu kiwandani, na kiasi kidogo huweza kutokea kwenye mafuta yanayochemshwa tena na tena. Kwa moyo, ubaya wake hauna shaka. Denmark iliyawekea mpaka kwa sheria mwaka wa 2003, na mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani likaziomba nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula vya viwandani.

NA NAZI JE?

Nilijua swali hili litakuja! Mzee mmoja aliniuliza: "Kijana, babu zetu wamekula nazi miaka yote na hawakuwa na sukari. Leo wewe na vitabu vyako unataka kutunyang'anya tui?"

Mzee ana hoja. Mafuta ya nazi ni ya kuganda, na huweza kuipandisha ile kolesteroli mbaya. Lakini mwaka wa 1989 daktari kutoka Sweden, Staffan Lindeberg, alikwenda kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambako watu hula viazi vikuu, viazi vitamu, matunda, samaki, na nazi kila siku. Aliwakuta wembamba, na insulini katika damu zao ilikuwa chini kuliko ya Waswidi. Nazi peke yake haikuwaletea usugu wa insulini.

Lakini tazama ilikuwa na nani sahanini! Haikuwa na chapati, haikuwa na soda, haikuwa na mkate mweupe. Na mlaji alikuwa mtu wa shamba na bahari, si mtu wa kupanda bodaboda kwenda duka la kona. Babu zetu nao walikuwa hivyo. Basi tui libaki, mzee wangu. Lakini tui zito la nazi mbili likiliwa pamoja na mahamri, sambusa na sharbati, babu zetu hawakulijua hilo.

TUKIFUNGA, MWILI HUFANYA NINI?

Sasa turudi kwenye Ramadhani. Sisi tulio karibu na ikweta tumepewa wepesi: mwaka wote funga yetu ni kama saa 13 na nusu, haina tofauti kubwa kati ya msimu na msimu.

Saa chache baada ya daku, insulini huanza kushuka. Mwili huanza kutumia akiba ya sukari iliyomo kwenye ini. Alasiri ikifika, akiba hiyo imepungua sana, na ile amri ya "wekeni, msitoe" imelegea. Seli za mafuta hufungua milango, mafuta yanatoka kwenda kuchomwa. Kwa mfano wetu wa duka, hii ndiyo saa ambayo mzigo unauzwa na ghala linapata nafasi. Kila siku, kwa siku 29 au 30. Watu wengine hulipa pesa kliniki wafundishwe kufanya hivyo.

Mbona basi baada ya Idd wengi wetu suruali zinabana? Uchunguzi wa watu wanaofunga katika nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kwa wastani watu hupungua kidogo tu, kilo moja hivi, na wiki chache baada ya Ramadhani inarudi. Wengine hawapungui kabisa. Jibu liko kwenye ile saa moja baada ya adhana ya Magharibi.

MEZA YA MAGHARIBI

Itazame meza. Sambusa, bajia, viazi karai, kachori, mahamri, kaimati zilizorowa shira, viazi vya nazi, sharbati ya ukwaju yenye sukari. Kila kimoja ni kitamu, mimi mwenyewe ni shahidi. Lakini karibu kila kimoja ni wanga uliokaangwa, pembeni yake sukari ya kunywa.

Wanga na sukari huipandisha insulini ghafla. Insulini hutoa amri yake ya tatu: wekeni akiba, msitoe. Na wakati huo huo mafuta ya karai yanaingia. Yakifika, amri imeshatolewa, yanapelekwa moja kwa moja ghalani, na ghala likiwa limejaa, kwenye ini. Mafuta peke yake hayangefanya hivyo kwa kasi ile, na tende peke yake isingefanya hivyo. Wakikutana sahani moja, ndipo kazi ya mchana kutwa inapofutwa.

Tufanye hesabu. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Gramu 1 ya wanga ina 4. Chukua nyumba ya watu 6 inayotumia lita 3 za mafuta kwa wiki. Gawanya kwa watu 6, kisha kwa siku 7: kila mtu, hata mtoto, anapata kama mililita 71 kwa siku. Hivyo ni karibu vijiko 5 vya mezani, karibu kalori 600, kabla hujahesabu wali wala nyama. Utasema mengine hubaki kwenye karai. Sawa. Yamemwagwa? Kama hayakumwagwa, kesho yataliwa.

Na hapo nataka tuwe waungwana. Mama anayekaanga bajia pale njiani hawezi kumwaga mafuta kila siku, bei zenyewe tunazijua. Tusimkemee, yatafuta riziki ya halali. Lakini tumwambie kwa wema, na sisi majumbani tujue: mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu na moshi kabla ya kuwa moto sana, yamekwisha. Kuyachuja baada ya kila mkaango, kutoyaacha yafuke moshi, na kutoongeza mapya juu ya yaliyoharibika, kunasaidia.

Mtume (SAW) alikuwa akifuturu kwa tende mbivu, akikosa kwa tende kavu, akikosa kwa maji, kisha akaswali. Na tumefundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji, na pumzi. Sote tunaijua mafundisho hiyo tangu madrasa. Basi tuichukue kama ilivyo:

1. Futuru kwa tende na maji, kisha swali Magharibi. Ukirudi, ile njaa kali imeshatulia.

2. Chagua kitu KIMOJA cha karai kwa siku. Leo sambusa, kesho bajia. Si marufuku, ni zamu.

3. Viazi vya kuchemsha, muhogo, maharagwe au mbaazi kwa tui jepesi, supu, samaki wa kuchoma au wa kupaka. Vibua ni samaki wa bei nafuu na mafuta yake ni ya ile aina nzuri.

4. Maji badala ya sharbati. Kama ni lazima, sharbati bila sukari, matunda yenyewe yana utamu.

5. Daku isirukwe. Mayai, maharagwe, uji wa wimbi, parachichi. Hivi hukaa tumboni.

6. Nenda msikitini kwa miguu. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata pale insulini haisikilizwi vizuri. Tarawehe nayo ni dawa kwa mwili kama ilivyo kwa roho, ila si kwa mtu aliyejaza tumbo anayesinzia rakaa ya pili.

JIKONI TUINGIE KWA ADABU

Najua mtihani uko wapi. Nilipoanza kusema haya nyumbani, mamangu aliniangalia akaniuliza: "Umekwenda chuo kikuu uje kunifunza mimi kupika?" Na alikuwa na haki. Yeye amesimama mbele ya moto tangu alasiri, amefunga, jasho linamtoka, sisi tumelala. Halafu mtu anakuja na hesabu za kalori!

Kwa hivyo, ndugu yangu wa kiume hasa, usianze na maneno. Anza na mikono. Ingia jikoni, menya viazi, kuna nazi, osha vyombo. Sambusa zipake mafuta kwa kijiko zichomwe kwenye oveni au kwenye sufuria yenye makaa juu, kama tunavyooka mkate wa sinia. Wape watu waonje. Kwetu tulianza na siku mbili kwa wiki. Baba yangu, ambaye ana sukari, sasa ndiye anayeuliza, "Leo ni siku ya oveni?" Na mama anasema mafuta yanakaa dukani siku zaidi.

Upungufu mdogo una faida kubwa. Marekani, jaribio la watu 3,234 waliokuwa karibu kupata sukari lilichapishwa mwaka wa 2002. Kundi moja lilifundishwa kupunguza mafuta na kalori, kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata sukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, ilipungua kwa asilimia 31. Na Uingereza, Profesa Roy Taylor na wenzake walionyesha, kuanzia mwaka wa 2017, kwamba karibu nusu ya wagonjwa waliosaidiwa kupunguza uzito sana baada ya mwaka mmoja walikuwa hawatumii dawa, na sukari yao ikawa chini ya kiwango cha ugonjwa. Mafuta yalitoka kwenye ini na kongosho, na mlango ukafunguka.

KWA WENYE SUKARI

Neno la mwisho ni kwa wazazi wetu wenye sukari. Wengine hushangaa: nimefunga mchana kutwa, mbona sukari iko juu? Kumbukeni amri ya pili. Ini lenye mafuta halisikii linapoambiwa liache kutengeneza sukari, hulitengeneza hata kama hamjala. Si kwamba funga imeharibika.

Lakini msifunge kwa kubahatisha. Muoneni daktari kabla ya Ramadhani, dawa huenda zikabadilishwa saa na kipimo. Jipimeni mchana, maulamaa wengi wamesema tone la damu la kidole haliharibu funga. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, vunjeni funga. Kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa si mambo ya kusubiria adhana. Ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mola mwenyewe, na kuikataa si ucha Mungu zaidi.

Na sisi vijana, tusingoje mpaka tufike hapo. Funga ya mchana inafungua ghala. Kazi yetu ni kutolijaza tena usiku. Kesho adhana ikilia, hesabu vya karai vilivyo mezani. Vikiwa vitano, anza na kimoja, na kingine mpelekee jirani. Hapana, nisamehe, jirani mpelekee tende!

Allah (SW) azikubali funga zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atupe nguvu ya kufanya tunayoyajua.